Telefone yetu ilifaa kulipishwa kodi, leo haifai kufungua fomu

Wandugu raia, mama na baba, vijana wa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Beni, na ninyi wote mulio mbali na kwenu,

Kuna mulango unafungwa kila siku mbele ya macho yetu, na hakuna mukubwa anayekubali kama ni yeye aliufunga. Tangazo la kazi linatoka, ao la masomo, ao la musaada kwa waliokimbia vita. Linasema: jaza fomu kwenye tovuti, mwisho ni siku ya tano saa kumi. Unatafuta feza, unanunua mega, unafungua. Ukurasa unazunguka, unazunguka, kisha maneno yanatokea, mara mingi kwa Kiingereza: navigata yako ni ya zamani, ao haijulikani, weka mupya ndio uingie. Hakuna namba ya kupiga. Hakuna mutu wa kuuliza. Mega zimeisha kuliwa, na siku ya tano haisogezwi.

Navigata ni ile programu tunafungulia kurasa za intaneti: Chrome, Opera Mini, Firefox na zingine. Wengi wetu hatukuichagua. Ilikuja ndani ya telefone, na telefone yenyewe ilikuja okasio, imetumika kwanza Ulaya, Dubai ao Kampala, kisha ikashuka kwa dada mukubwa, kisha kwetu. Opera Mini, ile ndiyo tulichagua sisi wenyewe. Inapitisha ukurasa kwenye seva zake, inaupunguza uzito, na inatuachia mega za kesho. Sasa hiyo navigata ya mutu anayehesabu feza ndiyo inafukuzwa ya kwanza.

Tunasema wazi: mara mingi kule kufukuzwa hakuna lazima yoyote. Ni uvivu wa fundi, na ni kutojali kwa mukubwa aliyemulipa.

Mutu asiyejua mambo ya kompyuta anafikiri kama telefone imeshindwa. Hapana. Kila mara navigata inapoomba ukurasa, inatuma pamoja na ombi mustari mumoja wa maneno unaosema jina lake, toleo lake na aina ya telefone. Seva inasoma ule mustari. Kama fundi aliandika orodha ya majina matatu ao mane anayokubali, na jina lako haliko ndani, unarudishwa hata mbele ya ukurasa kujaribu kufunguka. Hakuna aliyepima kama fomu ingeweza kufunguka ao hapana. Ni sawa mulinzi wa ofisi anayekutazama viatu na kukufukuza, bila kuuliza umekuja kufanya nini.

Ushahidi uko mikononi mwenu. Siku ingine mukifukuzwa vile, fungueni menyu ya navigata na muchague kuonyesha ukurasa sawa kwenye kompyuta. Ule mustari wa jina unabadilika. Mara zingine fomu ile ile, kwenye telefone ile ile, inafunguka na inajazwa mpaka chini. Telefone haikubadilika, mega hazikuongezeka, ni jina tu limebadilika. Basi lile neno "haiwezekani" walilotuandikia lilikuwa uongo.

Na uongo huu uko na historia yake. Katika miaka ya 1990 tovuti nyingi zilikuwa zinapeleka ukurasa muzuri kwa Netscape peke yake, na Netscape ilikuwa inajitaja kwa jina la Mozilla. Microsoft ilipoleta Internet Explorer, ikaifanya ijitaje Mozilla pia, ili isifungiwe mulango. Wengine wakafuata. Mpaka leo Chrome ya kwenye telefone yako inaanza kwa kujitaja Mozilla, inapita kwenye AppleWebKit na Gecko, inataja jina lake yenyewe, na inamaliza na Safari. Navigata moja, majina matano, juu ya kuogopa walinzi. Mwaka 2019 Vivaldi, navigata yenye makao Norwe, ikaamua kujificha ndani ya jina la Chrome sababu tovuti zilikuwa zinaikataa bila kosa. Mwanzoni mwa 2025 watu wanaotumia Pale Moon wakajikuta nje ya tovuti nyingi kwa mara moja, juu tovuti zile zote ziko nyuma ya mulinzi mumoja, kampuni ya Cloudflare, na mulinzi huyo hakuwatambua. Hao si watu wa Masisi. Ni watu wenye kompyuta nzuri na umeme wa saa 24. Kama wao wanatendewa vile, mutoto wa Kadutu mwenye Tecno yenye kioo kilichopasuka atapita wapi?

Kuna mufano mumoja tunapenda kila mukubwa wa shirika la musaada ausikie. Mwishoni mwa Agosti 2005 tufani Katrina iliharibu muji wa New Orleans, kule Marekani. Watu walipoteza nyumba, wengine walipoteza wapendwa. Serikali yao, kupitia idara ya majanga inayoitwa FEMA, iliweka fomu ya kuomba musaada kwenye intaneti. Fomu ilikuwa inakubali navigata moja tu: Internet Explorer 6. Aliyekuwa na Mac, ao Linux, ao Firefox, hata kama alikuwa amekaa kwenye shule ya wakimbizi na kompyuta ya kuazima, fomu ilimukatalia. Alibaki na simu, na simu zilikuwa zimejaa watu. Ile ni nchi tajiri kuliko zote. Ilikuwa na mafundi, ilikuwa na feza, na bado ikasahau kama mutu aliyenyanganywa kila kitu na maji hachagui navigata.

Korea ya Kusini nayo, nchi yenye intaneti ya mbio sana, ilifunga raia wake kwa miaka mingi. Kufanya kazi za benki kwenye intaneti, ilikuwa lazima kutumia kifaa kinachoitwa ActiveX, ambacho kilikuwa kinatembea ndani ya Internet Explorer. Sheria ya vyeti ndiyo iliwafunga pale, na ni mwezi wa Desemba 2020 tu cheti kile cha lazima kiliondolewa. Mwaka 2022 Microsoft yenyewe ikazika Internet Explorer. Waliowalazimisha watu kuingia kwenye chumba kimoja wakaishia kubomoa chumba chenyewe, na muswada wa kubomoa walilipa raia.

Sasa turudi nyumbani.

Watatuambia: "Si muweke tu navigata mupya, ni bure." Tumejaribu. Chrome ya mwisho inayokubali Android 4.4 ni toleo 81, la mwaka 2020. Kwa Android 5 ya mwisho ni 95, ya 2021. Kwa Android 6 ni 106, ya 2022. Kwa Android 7 ni 119, ya 2023. Kwa Android 8 na 9 ni 138, ya 2025. Ukiisha kufika pale, hakuna mahali pa kusonga. Hata ukilipa mega, hata ukifuta picha zote za harusi ya kaka yako upate nafasi, telefone itasimama pale pale. Na telefone yenye Android 7 si takataka! Inapiga picha, inatuma ujumbe, inapokea M-Pesa na Airtel Money, inasoma Biblia na Kurani, inafundisha mutoto hesabu. Betri inakaa nusu siku. Iko muzima. Aliyeisema imekufa ni mutu wa California ambaye hajawahi kuishika, na fundi wa hapa kwetu aliyeitikia bila kufikiri.

Wengine wanaonyesha kama inawezekana kufanya vingine. Firefox iliendelea kukubali Android 5 kwa miaka mingi nyuma ya Chrome kuiacha. Na sikilizeni hii. Tovuti nyingi za dunia zinatumia vyeti vya usalama vya bure vya Let's Encrypt, shirika lisilotafuta faida. Mwezi wa Novemba 2020 shirika hilo lilitangaza kama telefone za Android zilizo chini ya 7.1, ambazo kwa hesabu yao zilikuwa bado 33.8% ya Android zote, zingeanza kukataliwa mwaka 2021, juu hazikuwa na cheti chao kipya ndani. Theluthi moja! Wangeweza kusema "nunueni telefone mupya," wakalala. Badala yake walikaa, wakatafuta njia, na mwezi wa Desemba wakarudi kusema wameipata: cheti chao kingesainiwa tena na cheti cha zamani ambacho telefone zile zinakitambua. Njia ile iliongeza karibu miaka mitatu, mpaka 2024. Sisi hatuwajui watu wale na hawatujui, lakini walihesabu telefone zetu kama telefone za watu.

Kuhusu usalama, hatutaki kudanganya mutu. Kuna kufunga kwa haki. Njia za zamani za kuficha maneno kati ya telefone na seva, zinazoitwa TLS 1.0 na 1.1, ziko na udhaifu, na navigata kubwa ziliziacha karibu mwaka 2020. Benki inayokataa njia hizo kwa mutu anayetaka kutuma feza yake inafanya vizuri, tunaiunga mukono. Na tunawaambia vijana wetu pia: telefone isiyopokea matengenezo ya usalama, musiweke ndani yake siri za mwendo, majina ya wandugu, ao namba za siri za feza kama kuna njia ingine. Tunajua nani anaweza kuzitafuta.

Lakini tangazo la kazi liko na siri gani? Orodha ya waliofaulu iko na siri gani? Namba ya hospitali, saa ya kutoa chanjo, karatasi zinazoombwa ili kujiandikisha chuo kikuu, hayo ni mambo ya kubandikwa hata kwenye muti wa barabarani! Mutu anayefunga tangazo la wazi kwa jina la usalama, hebu atuonyeshe mwizi anamuogopa ni nani.

Na kuna lile kundi la tatu, ambalo halina orodha ya majina wala sababu ya usalama. Ukurasa wao ni muzito tu. Ili kusoma mistari kumi na kujaza jina na tarehe ya kuzaliwa, unaomba kwanza upakue video ya wakubwa wakisalimiana, picha kumi zinazotembea, na muzigo wa JavaScript ambao telefone ndogo haiwezi kubeba. Fundi aliijaribu kwenye kompyuta yake mupya Kinshasa ao Nairobi, akaona inang'aa, akalipwa. Uingereza, kwa tovuti za serikali yao, mafundi wanaelekezwa wajenge kwanza ukurasa wa maneno na fomu inayotembea hata bila JavaScript, kisha ndio waongeze mapambo kwa wale wanaoweza kuyaona. Nchi ambayo watu wake wanabadilisha telefone sawa sisi tunabadilisha sabuni imeona hiyo ni lazima. Kwetu tunaanza na mapambo.

Ndani ya serikali yetu kuna jambo ambalo linatuuma zaidi. Mwaka 2020 walileta RAM, ile orodha ya telefone. Walikata inite zetu bila kutuuliza: dola 1 kwa mwaka kwa telefone ndogo ya 2G, dola 7 kwa telefone ya 3G na zaidi. Vijana raia walipiga kelele katika miji mingi mpaka wakaiondoa mwaka 2022. Kumbukeni jambo moja. Siku ile ya kukata, hakuna telefone iliyoambiwa "wewe ni ya zamani." Waliziona zote, mpaka ile ya tochi ya bibi wa kijiji. Seva yao haikukosa hata moja. Leo huduma za serikali zinasukumwa moja moja kwenye intaneti, tunaambiwa ni maendeleo, na telefone zile zile zilizolipishwa zinakataliwa mulangoni. Kama uliweza kuitambua uikate feza, itambue pia imuhudumie mwenyewe.

Wala tusisahau telefone mupya wanayotuambia tununue inatoka wapi. Koltani ya Rubaya inabebwa migongoni mwa vijana wa Masisi. Kobalti inachimbwa Kolwezi, na nchi yetu peke yake inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Inaondoka hapa udongo, inarudi okasio miaka kumi nyuma, na ikirudi inakuta imekatazwa kuingia. Hatusemi kama wachimbaji wapewe telefone bure. Tunasema tu muache kuwachekelea.

Kuna watakaosema kama tuko na shida kubwa kuliko navigata: watu wanauawa, na ninyi munaandika juu ya Chrome. Tunawajibu kwa heshima. Goma ilichukuliwa mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Benki zilifungwa, kiwanja cha ndege cha Goma kilifungwa, barabara zikawa za hatari. Mwanafunzi hakuweza tena kupanda ndege aende Kinshasa kuweka karatasi zake mezani kwa mutu. Mama hakuweza kwenda ofisini kulia mpaka asikilizwe, sababu ofisi yenyewe ilihama. Walioondoka walisema: "Mutufuate kwenye intaneti." Sawa, tukawafuata. Tukakuta na pale kuna mulinzi. Wakati barabara iko wazi, tovuti mubaya ni usumbufu. Wakati barabara imekatwa, inakuwa kizuizi kingine juu ya vile vya wenye bunduki, na hiki kimewekwa na watu wanaosema ni marafiki wetu.

Tena hatuwezi kuzoea kufungiwa. Tarehe 31 Desemba 2018, kiisha uchaguzi, intaneti ya nchi nzima ilikatwa karibu wiki tatu. Tulijua nani alikata, tulijua juu ya nini, na dunia nzima ilipiga kelele pamoja na sisi. Huku kufungwa kwa sasa hakupigi kelele. Kunamupata mumoja mumoja, ndani ya chumba chake, usiku wakati mega ni za bei ndogo, na anafikiri kosa ni lake. Anaona haya hata kusimulia. Wangapi wamekosa kazi vile, hakuna anayewahesabu, juu aliyefungiwa hawezi hata kujaza fomu ya malalamiko.

Basi tunaomba nini? Kwa idara zote za serikali, vyuo vikuu na mashirika yanayofanya kazi katika mikoa yetu: ondoeni orodha za majina ya navigata. Kama munaogopa ukurasa hautapendeza, wekeni neno la kuonya juu, lakini acheni mutu apite, ajaribu mwenyewe. Kila fomu iwe na sura ya pili ya maneno matupu, isiyohitaji JavaScript, isiyo na video, na iwe katika Kifaransa na Kiswahili. Kila tangazo liwe na namba ya simu ao mahali pa kupeleka karatasi kwa mukono, na mutu aliyetumia njia ile asihesabiwe wa mwisho. Mukimulipa fundi, mumuombe kwanza afungue fomu mbele yenu kwenye Opera Mini na kwenye telefone ya Android 6 ya okasio. Iko sokoni, si kitu kigumu kupata. Kama haina mulango wa kuingia, musimumalizie feza yake. Na muandike mwisho wa kupokea fomu kwa tarehe inayotoa nafasi ya kufukuzwa mara moja na kujaribu tena.

Kwa ninyi mafundi vijana, wandugu zetu, wengi tulisoma pamoja kwenye saiba zile zile zenye kompyuta za Windows XP. Munajua vizuri kabisa mulichoandika ndani ya zile seva. Mustari ule unafutwa kwa dakika tano. Musingoje barua ya mukubwa.

Na kwa kila mutu aliyefungiwa: piga picha ya kioo cha telefone, ukionyesha maneno yaliyokukatalia na jina la tovuti. Ficha jina lako, namba yako na kila kitu kinachoonyesha uko wapi. Andika tu aina ya telefone, navigata na tarehe, kisha mupe ndugu wa mwendo aliye karibu nawe. Hatutatangaza jina la mutu yeyote. Tutaandikia kila idara na kila shirika barua yake, na picha zake ndani, tutawapa siku 30 za kujibu, na jibu lao tutalisoma hadharani, zuri ao baya. Barua za kwanza zinaondoka mwisho wa mwezi huu. Picha zitakazofika mbele ya hapo zitaingia ndani.